Salamu za Ngazini

Mama alikuwa na ugonjwa wa sukari, na mimi nilikuwa askari wake. Kila asubuhi nilichemsha mkojo wake pamoja na dawa ya buluu ndani ya kichupa cha kioo, juu ya taa ya spiriti, kama nilivyofundishwa hospitali. Ukibaki buluu, sukari hamna, heri. Ukigeuka rangi ya tofali, siku hiyo hapana wa kula tende nyumbani, hata asiyeumwa. Miaka ile sukari ilikuwa haba madukani, watu wakiipangia foleni, na mama akipenda kunitania: "Wanahangaika bure. Yote nnayo mie."

Tulikaa ghorofa ya tatu, katika nyumba ya mawe ambayo baada ya Mapinduzi iligaiwa familia kadhaa. Ngazi zilikuwa wima, zenye kiza cha baridi, na juu kabisa palikuwa na kidirisha kilichomwaga mwanga mweupe, vumbi likielea ndani yake bila haraka. Nikiikumbuka miaka ile siioni mitaa wala watu. Nauona mwanga ule, na mama anapanda tukitoka sokoni Darajani, buibui limemteleza begani, na harufu ya karafuu inaingia kutoka upande wa bandarini.

Mama alikuwa hapiti mlango bila ya kusalimia. Ghorofa ya kwanza alikaa bibi mmoja mshona kofia. Mama alisimama pale, mkono ukutani, akapiga hodi.

"Hamjambo humu?"

"Hatujambo, Bi Mkubwa. Karibu!"

"Nshakaribia. Watoto hawajambo? Na mguu wa bwana umepoa? Na huko Makunduchi wazima?"

Aliuliza neno moja, akanyamaza, akasikiliza jibu lote, ndipo akauliza jingine. Mwezi hadi mwezi salamu zilirefuka. Ghorofa ya pili aliuliza mpaka hali ya paka. Mimi nilikaa ngazini na kikapu changu, nikizisikia sauti zao kwa mbali, kati ya macho na usingizi, na nilikuwa na raha ambayo sijaipata tena. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na sikuwa na pa kuwahi. Majirani waliniambia nijifunze adabu kwa mama yangu, nami nikiona fahari.

Asubuhi moja aliamka na jasho la baridi na kichefuchefu. Nilimuuliza kama kifua kinamuuma.

"Hakiumi. Kiungulia tu, mwanangu."

Nikachemsha mkojo: buluu safi. Nilifurahi, mjinga mimi. Nikampa maji ya tangawizi, nikamwambia alale, nikaenda kufua. Adhuhuri midomo yake ilikuwa imebadilika rangi, ndipo majirani walipomteremsha kwa kiti, hatua kwa hatua, naye akiwataka radhi kwa kuwasumbua.

Hospitali daktari alinieleza taratibu, maana nilikuwa nabisha. Sukari ikikaa mwilini miaka mingi huharibu mishipa, hata ile inayoulisha moyo. Njia ya damu huwa nyembamba, na moyo hubaki na njaa. Mtu mwingine angepiga kelele kwa maumivu. Mwenye sukari huweza asiyasikie, kwa kuwa hata neva za kuyapeleka zimeharibika. Mkojo haukusema uongo, alisema, ila habari za moyo haukuwa nazo. Kisha akaniuliza kama mama alikuwa akisimama njiani kupumzika anapopanda ngazi.

"Hapana," nikamjibu. "Alikuwa akisimama kusalimia tu."

Nilijisikia nikisema hivyo, nikauona tena mkono wa mama ukutani.

Mama alifariki siku ya tatu. Matangani yule mshona kofia alinikumbatia, analia mpaka mtandio wake umerowa.

"Hajapata kupita mlangoni pangu asinijulie hali," alisema. "Nani tena ataniuliza vile?"

Nilishajua kuwa pale mlangoni mama alikuwa akitafuta pumzi. Sikumwambia. Nilimwachia salamu zake.