Mchuzi wa Asali wa Kabambare

Niliolewa kutoka Kasongo nikapelekwa Kabambare juu ya kamiyo, lori lililokuwa linafuata pamba. Mume wangu alikuwa muuguzi msaidizi wa serikali. Watu walimwita munganga, ingawa munganga mkubwa alikuwa Mbelgiji aliyekaa kwenye nyumba ya matofali juu ya kilima. Kazi yao ilikuwa kuzunguka vijijini kupima ugonjwa wa usingizi. Wakitoka, walitoka na wapagazi na masanduku ya dawa, na hawakurudi mpaka mwezi umechakaa. Mimi nilibaki na nyumba ya vyumba viwili, jiko la mafiga matatu nyuma yake, na uwanja ambao niliufagia hata pasipokuwa na mtu wa kuukanyaga.

Kwetu Kasongo sikuwahi kula peke yangu. Nyumba ya baba ilikuwa na mama, mke mwenza wake, shangazi wawili, watoto tele, na mgeni ambaye hakukosekana. Nilifundishwa kupika kwa sufuria kubwa. Huku Kabambare nilijaribu kupika chakula cha mtu mmoja, na mkono wangu ukakataa. Mchele ulibaki, nikaula asubuhi, nikaula tena mchana, na kilichobaki nikawapa kuku wa watu.

Wanawake wa mtoni walinisalimu vizuri. Hawakuwa wabaya. Waliniuliza habari za nyumbani kwa Kiswahili, wakangoja nijibu, kisha wakarudi kwenye Kibangubangu chao na kicheko chao, nami nikaendelea kusugua nguo. Nilijifunza kucheka wanapocheka. Baadaye niliacha, kwa sababu siku moja walikuwa wanazungumza juu ya msiba.

Ndipo nikaanza kupika mchuzi wa asali. Kwetu mama aliupika Ijumaa, wa kumwagia wali. Hauna mambo mengi. Unachemsha mawese mpaka wekundu wake upungue, unatia vitunguu vilivyokatwa vyembamba na kuviacha vilegee polepole, unaponda nyanya ndogo kwa mkono, unatia chumvi, na pilipili moja nzima unaiacha ielee bila kupasuka. Asali inaingia mwisho, chungu kikiwa kimeshatoka motoni, pamoja na maji ya ndimu. Mara ya kwanza niliharakisha, nikaitia asali moto ungali mkali. Ilikuwa asali ya porini, nyeusi kuliko ya kwetu, mwanamume mmoja aliniuzia ndani ya kibuyu. Iliungua, mchuzi ukawa mchungu kama dawa. Nilikaa chini karibu na mafiga nikalia. Haukuwa mchuzi niliokuwa naulilia, nafikiri.

Mara ya pili ulitoka vizuri, na harufu ikavuka ua wa matete. Nikasikia sauti upande wa pili.

"Hodi, bibi-arusi! Nini iko nanukia hivi?"

Alikuwa jirani yangu, mjane mwenye umri wa mama yangu, mtu wa shamba. Tulikuwa tumesalimiana tu tangu nifike. Mume wake alikwenda kazi ya migodi na hakurudi. Jumapili nilimwona akienda kusali kwa katekista na kitambaa cheupe kichwani. Siku nyingine zote alikuwa kwenye pamba ya lazima ya serikali, au kwenye muhogo wake mwenyewe jua likishuka.

"Ni mchuzi tu, mama. Karibu."

Aliingia, akainama juu ya chungu.

"Mchuzi iko na asali?"

"Iko na asali."

"Asali na chumvi, pamoja?" Akacheka mpaka akashika kiuno. "Kwetu asali ni ya wanaume. Wanakula porini, wanarudi ndevu zinanata, wanasema hawakupata kitu!"

Nilimpakulia. Alikula, akalamba vidole, kisha akasogeza sahani mbele. Nikamwongezea. Tangu siku ile aliacha kupika jioni. Yeye alileta muhogo, au samaki mkavu wa Nyangwe akimpata sokoni, mimi nikapika, tukala kwenye mkeka uwanjani kabla giza halijaingia. Kiswahili chake kilikuwa kidogo na Kibangubangu changu hakikuwapo kabisa, lakini tulisikilizana. Alinifundisha majina ya vitu kwa kuvionyesha kidole, na nikiyatamka vibaya alijipiga paja kwa kicheko. Nikaanza kungoja jioni.

Alikuwa na tabia moja iliyonishangaza. Chungu kikiwa kinatokota, mimi nilitafuta kitambaa au majani ya mgomba ya kukishikia. Yeye alikiepua kwa mikono mitupu, akakibeba mpaka mkekani, akakiweka chini taratibu. Nilidhani ndiyo mikono ya watu wa jembe.

Mume wangu alirudi kutoka safari, tukala watatu. Nilifurahi siku hiyo. Nilipika mchuzi mwingi, na wali, na kuku. Jirani aliinuka kuchukua chungu motoni kama kawaida yake. Mume wangu alikuwa akisimulia habari za njiani, na katikati ya neno akanyamaza. Alimtazama mpaka chungu kikatua.

"Mama," akasema, "leta mkono."

Aliugeuza mkono ule kwenye mwanga wa jua la jioni. Ulikuwa na makovu ya moto, ya zamani na mapya. Kisha aling'oa unyasi mkavu kwenye mkeka.

"Fumba macho. Nikikugusa, sema."

Jirani alifumba macho, huku akitabasamu kama mtu anayechezeshwa na watoto. Mume wangu akamgusa kidole kidogo. Akagusa kiganja. Akapitisha unyasi nyuma ya mkono hadi karibu na kiwiko. Kuku mmoja alikuja akadonoa wali uliodondoka na hakuna aliyemfukuza.

"Gusa basi, Munganga," jirani akasema, macho bado yamefumbwa. "Ninakungoja."

Mume wangu aliutupa unyasi. Hakusema jina la ugonjwa pale mkekani. Alimwambia tu aende asubuhi kwa munganga mkubwa amwangalie vizuri. Lakini jirani alikuwa amefumbua macho, akatutazama mmoja baada ya mwingine, akavuta kitenge kufunika mkono wake. Aliondoka bila kumaliza chakula.

Usiku huo sikumwuliza mume wangu kitu. Yeye ndiye aliyesema, "Ni ukoma. Nisiponena mimi, mwingine atanena, na utakuwa umekwenda mbali zaidi." Nilijua ni kweli. Hata hivyo nilimgeuzia mgongo.

Walimpeleka kwenye kambi ya wagonjwa, ng'ambo ya kijito, upande wa njia ya Lusangi. Nyumba yake ikafungwa kwa kamba. Shemeji yake alikuja akachukua mbuzi. Mume wangu akaenda tena safari, na upweke wa mwanzo, ule niliodhani ni upweke, nikaona ulikuwa kitu kidogo. Mtoni wanawake waliniuliza mara moja tu, "Ulikuwa unakula naye?" Nikasema ndiyo. Hawakunitukana. Walisogeza nguo zao zikakauke mbali na zangu, wakanisalimu vizuri kama zamani.

Nilikaa hivyo mpaka siku moja nikapika mchuzi, nikafunika chungu kwa majani ya mgomba, nikashika njia. Kambini kulikuwa na mlinzi mwenye kofia nyekundu, na gogo lililolazwa kando ya kijito. Akaniambia watu wa nje hawavuki gogo. Chakula niweke pale, nirudi nyuma, mgonjwa aje achukue.

Jirani alipotoka nilimwona amekonda. Alichukua chungu, akaketi upande wake. Nami nikaketi upande wangu, chini, kwenye nyasi. Nilikuwa nimebakiza mchuzi kidogo kwenye kibakuli kwa ajili hiyo. Tukala kila mtu kwake, tukipaza sauti kidogo kwa sababu ya maji.

"Pamba yangu?" aliuliza.

"Wamempa mtu mwingine."

"Afadhali," akasema. Tukacheka, mlinzi akatutazama.

Nilikwenda mara nyingi. Mume wangu alijua, hakunizuia. Alisema ugonjwa ule haurukii mtu kwa sahani kama watu wanavyodhani, lakini sheria ni sheria, nisivuke gogo.

Kisha ikaja amri ya kumhamishia mume wangu hospitali ya Kasongo. Mtu mwingine angeshangilia. Nilikuwa narudi kwa mama yangu, na nilikuwa na mimba. Nilikwenda kambini kuaga, mikono mitupu kwa kuwa vyombo vilikuwa vimeshafungwa. Jirani alikuwa amesimama karibu na gogo, ananingoja. Mbele yake kulikuwa na chungu.

"Leo miye nimepika," alisema. "Kuko muzee mumoja hapa, anarina asali. Ndimu haiko. Nimetia majani ya uchachu."

Alipakua kwenye kibakuli, akakiweka juu ya gogo, akarudi nyuma hatua chache kama sheria ilivyotaka. Safari hii yeye ndiye aliyerudi nyuma.

Mlinzi akaja mbio. "Mama, hapana. Wewe ni muke wa munganga. Na uko na mimba."

Jirani alitazama maji. Nilielewa kwamba nikikataa hatanilaumu, atakimwaga tu, na kwamba tangu aletwe pale hakuna mtu wa nje aliyekula chakula cha mkono wake. Niliogopa; sitasema sikuogopa. Nilikichukua kile kibakuli nikala. Mchuzi ulikuwa na uchachu mkali, tofauti na wetu, na asali aliitia kwa wakati wake. Nilikula wote, nikafuta kibakuli kwa kidole.

"Iko muzuri?" akauliza.

"Iko muzuri, mama."

"Chumvi?"

"Imetosha."

Alifunika uso kwa kitenge. Hatukuweza kushikana mikono.

Kasongo nilipokelewa kwa nderemo. Nyumba ilijaa watu, na siku za kwanza sauti zao ziliniumiza kichwa. Nilijifungua. Hakuna aliyeugua, si mimi, si mtoto. Nilipoeleza habari za jirani yangu, shangazi zangu walisema "masikini", wakaniuliza kama Kabambare vitenge ni rahisi.

Baada ya miaka dawa mpya za vidonge zilifika, na wengi waliruhusiwa kutoka kambini. Dereva mmoja wa pamba, niliyekuwa namwuliza kila apitapo, alinipa habari kwamba mama yule ametoka, anaishi kwa kaka yake, analima. Vidole vingine havipo. Alinisalimu, na alitaka kujua jambo moja: nilizaa wa kike au wa kiume?

"Mwambie wa kike," nilimjibu dereva. "Mwambie amekuwa mkubwa, anasema sana."

Alisema atafikisha. Mume wangu aliahidi kiangazi tutakwenda, kisha akapelekwa mahali pengine, na kiangazi hicho kikapita. Dereva yule alibadilishiwa njia, sikumwona tena. Sijui kama alifikisha.