Siku Tuliyoliacha Gari Kibaoni

Ukifika kijiji cha Mamba leo ukauliza nani alipeleka mizani ya watoto ng'ambo ya mbuga, wengi watakuambia ni serikali. Wasamehe, hawakuwepo. Niliipeleka mimi, juu ya mkokoteni wa maksai, nikiwa na gauni jeupe lililopigwa pasi ya mkaa na viatu vyeusi vinavyong'aa. Hakuna muuguzi mwingine wilayani aliyekuwa na viatu vile.

Nasema hivyo bila aibu kwa sababu kila nilichokuwa nacho nilikitafuta mwenyewe. Nililima mpunga, nikauza maandazi stesheni ya Mpanda, nikajisomesha mpaka nikapata diploma ya afya ya jamii. Miaka ile ya tisini, binti wa Kipimbwe mwenye diploma ungemtafuta kwa tochi mpaka betri ziishe. Wenzangu wa chuo walibaki mijini. Walinicheka: "Unarudi kulala na fisi?" Nikawajibu kwamba fisi wa kwetu wananifahamu. Niliposhuka kwenye lori pale Mamba na sanduku, godoro, na diploma yangu niliyoifunga kwenye nailoni isipate vumbi, mama alipiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika. Halafu akaniuliza kama nimekula.

Nilipewa kliniki ya mama na mtoto katika zahanati. Kina mama wa Mamba walikuja vizuri, maana walinijua tangu nikiwa na kamasi. Wasiokuja walikuwa Wasukuma wa ng'ambo ya mbuga, watu waliohamia kwetu na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Walikaa mbali, nyumba moja hapa na nyingine kule, na katikati kulikuwa na mto.

Siku moja akaja mama kijana kutoka huko, mtoto mgongoni, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa ameondoka kwake jogoo wa kwanza na sasa jua lilikuwa limeshapinda. Nikampa mtoto matone ya polio, nikamwambia amrudishe kwa chanjo ya surua akitimiza miezi tisa.

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa jambo la kuchekesha.

"Mayu, wakati huo mvua ndiyo zinaanza na mto unajaa. Nitakuja na mabawa?"

Mayu ni mama kwa Kisukuma, ingawa nilikuwa bado sina hata mchumba. Akafunga khanga yake, akasema, "Njooni nyie. Wa kwangu yupo na wa wenzangu wapo. Wote hawajachomwa."

Nilikwenda Mpanda kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, mzee mpole aliyekuwa na gari moja na vijiji visivyohesabika. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Sista, nitakupa safari moja. Watoto wakitokea, kituo chako kinaingia kwenye ratiba. Wasipotokea nakifuta, na mvua zikianza ndiyo basi tena."

"Watatokea, mzee."

"Una uhakika gani?"

"Nimeisomea kazi hii."

Akacheka, akasaini.

Gari lake hilo moja lilikuwa gereji, kwa hiyo tukaazimwa Land Rover ya idara nyingine, ya kijani. Tulivuka mto ukiwa bado mchanga mtupu, tukafika kwenye kaya za kwanza asubuhi. Hakukuwa na mtu. Maji ya ugali yalikuwa yanachemka jikoni bila mpishi, redio ilikuwa inaongea peke yake juu ya kigoda, na mbali kabisa vumbi la ng'ombe lilikuwa linakwenda mbio.

"Wamekimbia sindano," dereva akasema.

"Ungekimbia sindano ungeanza na mtoto," nikamwambia. "Hawa wameanza na ng'ombe. Hebu shuka uangalie rangi ya gari lako."

Akashuka, akaangalia, akashika kiuno. Kwa watu wale gari la kijani lilikuwa la askari wa wanyamapori, na gari la askari wa wanyamapori lilikuwa na neno moja tu: toeni mifugo hifadhini.

Alibaki bibi mmoja, amekaa mlangoni anabangua karanga, na hakuinua macho.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma changu cha kuokoteza.

"Mwangaluka. Hapa hakuna ng'ombe. Hatujawahi kuwa na ng'ombe."

Nyuma ya nyumba ndama akalia.

"Na huyo?"

"Huyo mbuzi."

Dereva alicheka mpaka akakaa chini. Nikatoa mizani, ile ya saa ya duara yenye ndoano, nikamwonyesha bibi pamoja na kisuruali cha kumvalisha mtoto.

"Ya kupimia nyama hiyo," akasema.

"Ya kupimia watoto."

"Mnawauza?"

Nikapiga magoti, nikamweleza yote: surua, mto, mama kijana aliyekuja kwangu kwa miguu. Hapo ndipo akaacha karanga zake. Yule mama kijana alikuwa mkwe wake, na mtoto alikuwa mjukuu wake wa kwanza wa kiume.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Sasa sikiliza. Wakiliona gari hilo tena, watasimama Tabora."

"Nije na nini?"

Akaviangalia viatu vyangu kwa muda. "Sisi tuna maksai. Kama utaweza kukaa."

"Bibi, mimi nina diploma."

"Ya maksai?"

Nilirudi Mpanda na chanjo zote zikiwa ndani ya kisanduku chake cha barafu. Mganga Mkuu alikuwa ameshashika kalamu mbele ya ratiba.

"Mzee, weka kalamu chini," nikasema. Wauguzi wawili waliokuwa mlangoni waliziba midomo, maana hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. "Hawakukataa chanjo, wamekimbia rangi. Nipe siku moja. Gari lifike Kibaoni tu, kwenye gulio la upande huu wa mto."

"Kutoka Kibaoni utakwenda na nini?"

"Hilo niachie."

Akageuka dirishani, akanyoosha kidole. "Mawingu yale unayaona? Siku moja."

Nilichagua siku ya gulio, kwa sababu siku hiyo bibi huja Kibaoni kuuza samli. Nikamkuta sokoni, mkokoteni umeshashushwa mzigo, maksai wawili wanatafuna kama hawadaiwi haraka na mtu. Dereva akaukagua mkokoteni pande zote.

"Sista Diploma, mimi ni dereva wa serikali. Hiki hakina breki."

"Baki ulinde gari basi."

Akabaki, na nilimwona akielekea moja kwa moja kwenye wali.

Soko zima lilisimama kutuangalia. "Mpimbwe kapanda mkokoteni!" muuza dagaa akapaza sauti. "Leo wanachanjwa ng'ombe!"

"Njoo uchanjwe wewe kwanza, una mdomo wa kuku mwenye kideri!" nikamjibu, na watu wakampigia makofi ya kumzomea.

Nilipakata kisanduku cha chanjo, nimekifunika khanga mbichi ili jua lisikifikie. Kila tulipopita shimo nilikiinua kama mtu anavyoinua mtoto mchanga. Tulipofika mtoni, palipobaki kidimbwi, maksai wakasimama kunywa maji, wakanywa, wakatafakari, wakanywa tena. Mawingu yalikuwa yanashuka upande wa ziwa. Nikamwomba bibi fimbo.

"Unajua kuitumia?"

"Nitajua."

Nikawapigia kelele kwa Kipimbwe, kwa Kiswahili, na mwishoni kwa Kiingereza cha chuo. Kwa Kiingereza wakaondoka. Bibi alicheka mpaka akafuta macho kwa upindo wa khanga, na mimi mpaka leo nashikilia kwamba ni Kiingereza kilichowaondoa.

Safari hii hakuna aliyekimbia. Watoto walitukimbilia, wakaning'inia nyuma ya mkokoteni. Lakini kina mama walisimama mbali, mikono kifuani, wakinikagua. Bibi akapanda juu, akapaza sauti:

"Huyu si wa wanyamapori! Huyu ana diploma ya maksai!"

Wakaangua kicheko, na kicheko kikawasogeza.

Ikabaki shida moja. Mizani ile lazima ining'inizwe, na pale mbugani hakukuwa na mti wa maana. Mapaa ya nyumba yalikuwa mafupi, mtoto angegusa chini kwa miguu. Wote wakaniangalia. Nikauangalia mkokoteni. Nikasema, "Wafungueni maksai." Tukauinamisha kwa nyuma mpaka ule mti wake mrefu wa mbele, unaofungwa nira, ukasimama juu kama mlingoti wa bendera shuleni. Tukautegemeza kwa magunia, nikatundika mizani kwenye ncha. Wazo hilo halikuwa kwenye kitabu chochote cha chuo. Lilitoka kichwani mwangu.

Wa kwanza kuvalishwa kisuruali alikuwa yule mjukuu. Akaning'inia, akapiga mateke hewani, akacheka. Nikasoma uzito kwa sauti, na papo hapo ikaanza kazi ambayo sikuitarajia: kina mama wakaanza kushindana, kama waume zao wanavyoshindana kwa madume.

"Wa kwangu kamshinda!"

"Wako umemlisha mawe!"

"Mpime tena, huyo kashikilia kamba!"

Wanaume wakasikia kelele, wakaacha ng'ombe, wakaja kuangalia nani baba wa mtoto mzito. Walikuja kwa majivuno, wakajikuta wamepewa watoto wawashike mapaja wakati nachoma. Mama kijana alimshika wake mwenyewe. Sindano ya surua ilipoingia, mtoto alilia kwa nguvu, na mama yake akawa anacheka huku machozi yanamtoka.

"Umekuja, mayu," akasema.

"Nilikuja juzi pia. Mkanikimbia."

Akanyoosha mkono kwa maksai waliolala kivulini mwa nyumba. "Mabawa yenyewe ndiyo yale."

Chanjo ziliisha kabla ya watoto. Tuliporudi Kibaoni matone ya kwanza ya mvua yalikuwa yanapiga bati za maduka, na dereva alikuwa amelala kwenye usukani, ameshiba.

Kule Mpanda, Mganga Mkuu alikifungua kisanduku, akakipindua, kikatoa maji ya barafu tu.

"Kutoka Kibaoni mlitumia mafuta kiasi gani?"

"Nyasi, mzee."

Hapo ndipo alipoandika kituo changu kwenye ratiba, kwa kalamu ileile.

Masika ilipochachamaa, nikarudi. Gari lilikwama hata kabla ya Kibaoni, nikamalizia kwa miguu mpaka sokoni, bibi akanipokea, maksai wakaingia mtoni maji yakiwafika tumboni, nami nimesimama juu ya mkokoteni, kisanduku kichwani, naimba. Tulipopanda ukingo wa pili nikaona jambo lililonikatiza wimbo. Kaya kwa kaya, walikuwa wameshainamisha mikokoteni yao. Miti yake ilikuwa imesimama mbugani katika mvua ile nyepesi, kila mmoja unaisubiri mizani yangu, na chini yake kina mama wameketi na watoto wao. Mama kijana alisimama mbele ya wote.

"Umechelewa, Diploma!" akanipigia kelele. "Tunaanza na mkokoteni wa nani?"