Ukurasa wa Wanawake wa Sange

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa hata kiti. Mkuu wa idara ya sayansi ya siasa alinikabidhi furushi la karatasi za maswali, akanituma Sange kuwauliza wakulima wa mpunga kwa nini walimchagua waliyemchagua. Nilikuwa asistanti, ngazi ya chini kabisa ya ualimu wa chuo, na mwanamke pekee idara nzima.

Nilifuata adabu, nikajitambulisha kwanza kwa chefu wa kijiji. Alifurahi, akakaa ubavuni mwangu mpaka mtu wa mwisho. Nilirudi chuoni Uvira na majibu yanayofanana mno, nikidhani nimegundua jambo kubwa. Mkuu alipekua karatasi tatu tu.

"Mama, weye uliuliza muntu moja. Ule chefu."

Mara ya pili nilimsalimu chefu, nikamshukuru, kisha nikaingia shambani na wanawake, miguu kwenye tope. Huko ndiko walikosema ukweli.

"Ule tulimupa kura juu bantu yake walitutisha," mmoja aliniambia. "Minye kwa moyo niko na mwingine."

Kwenye majibu niliandika namba peke yake. Majina yalikaa kwenye ukurasa mmoja kando, unaoonyesha namba ipi ni ya nani. Sisi watafiti tunauita ufunguo. Niliwaahidi kwamba hautaonekana na mtu.

Miaka ikapita, nikapanda cheo hadi chef de travaux, CT, yule anayefundisha kila kitu lakini hajawa profesa. Majibu ya Sange yakawa tasnifu yangu ya udaktari. Ndipo mkuu mpya akaniita. Alikuwa ameketi na mgeni, mtu wa yule mwanasiasa aliyeshinda kwa kura za Sange.

"CT, leta liste ya majina ya wale bamama."

"Liste iko. Sitaitoa."

"Jury itajua aje kama haukubuni hii yote?"

Swali lilikuwa halali, nakiri. Alinipa hadi kesho yake. Nilikwenda nyumbani Rugenge mchana uleule, nikautia ukurasa kwenye makaa ya mbabula, chini ya sufuria ya maharagwe. Kesho yake nilimwambia kwamba nimeuchoma, mgeni wake akisikia.

Jury, jopo la watahini, ilikataa tasnifu isiyo na ufunguo. Nimefundisha uchaguzi mpaka kustaafu nikiwa CT, na wanafunzi wangu wakinipita koridoni wakiwa maprofesa. Iliniuma, na bado inaniuma. Lakini asije mtu kunipa pole!

Siku ya kuniaga, mkuu alishika maikrofoni. "Mama yetu alifundisha muzuri sana. Bahati mbaya tu, hakumaliza doktora."

Watu wakaanza kupiga makofi ya huruma. Nikainuka bila kuitwa, nikaichukua maikrofoni mkononi mwake.

"Nilimaliza," nikasema. "Wale bamama bote wako Sange, wako nalima. Hakuna muntu alijua mulango gani agonge."