Bosi Aliyestaafu Akabaki Kitini

Nilipofika Mbale kuchukua uongozi wa ofisi ya elimu ya kanda, bosi niliyekuja kumrithi alikuwa bado kitini. Sisemi kwamba alikuwa anakusanya vitu vyake. Alikuwa amekaa, taulo jeupe limetandazwa kwenye mgongo wa kiti kama ilivyo desturi ya mabosi wetu, chai imeletwa, faili limefunguliwa, na nje walimu wakuu wanangoja kuitwa. Alikwisha kutimiza miaka sitini. Barua ya kumstaafisha alikuwa ameipokea, na yangu ya uteuzi nilikuwa nayo mkobani. Aliponiona alitabasamu, kwa furaha ya kweli kabisa, akanionyesha kiti cha wageni.

"Karibu, binti yangu. Kaa hapo."

Nikakaa. Mimi huyu, ambaye kule Jinja wakaguzi wenzangu walikuwa wakisema ulimi wangu unatiwa pilipili kila asubuhi, nilikaa pale nikabana mkoba magotini kama mzazi aliyekuja kumwombea mtoto nafasi. Niliambiwa nile chapati, nikala.

Lazima niseme mzee huyu alikuwa nani kwangu, la sivyo utaniona zuzu. Nimezaliwa Walukuba, kule Jinja, katika nyumba ya Wanubi, Kinubi kwa bibi na Kiswahili kwa wengine wote. Babu yangu alikuwa askari. Nilipomaliza chuo cha ualimu nilizungushwa shule baada ya shule. Wakiona mtandio wangu, wakisikia Kiswahili changu kinavyotiririka, watu wa rika la wazazi wangu walikuwa wanakumbuka askari wa Kinubi waliowapiga mateke barabarani enzi za utawala wa kijeshi, na nafasi ya kazi inakuwa imejaa ghafla. Mzee huyu wakati huo alikuwa mwalimu mkuu hapa hapa Mbale. Alisimama nyuma ya darasa, akanisikiliza nikifundisha hesabu, kisha akawaambia walimu wenzake, "Huyu anafundisha. Hayo mengine ni yenu." Yeye alikulia Namatala, mtaa wa hapa Mbale, Kiswahili alikiokota sokoni, na alikuwa ananisemesha kwa lugha hiyo mbele ya watu bila kupunguza sauti. Baba yangu mzazi alikufa mapema. Sihitaji kueleza zaidi.

Basi siku ya kwanza nikajiambia, mwache amalizie. Siku ya pili nikajiambia hivyo hivyo. Wiki zikapita. Katibu muhtasi wetu, mama mmoja makini sana, alikuwa anampelekea yeye barua kwanza. Aliniambia ni kwa heshima tu. Mzee anazisoma zote, anatikisa kichwa, anarekebisha nukta, kisha zinaletwa kwangu nizitie sahihi kwenye kimeza cha kompyuta kilichobanwa dirishani, mahali ambapo mvua ya mlima Wanale ikinyesha inakurushia matone usoni. Walimu wakuu walikuwa wanaingia, wanamwamkia yeye kwa mikono miwili, wananipungia mimi kidole. Na mimi ndiye niliyekuwa napigiwa simu na wizara. Ukubwa ni jaa, wahenga walisema, ila hawakusema utafanyaje ukiletewa takataka zote na kiti hujapewa.

Nilikasirika, ndiyo. Nilikuwa namkasirikia njiani nikienda kazini, nikifika namwamkia, hasira inaingia mvunguni.

Mambo yalibadilika siku tulipoletewa habari kwamba wakaguzi wa wizara wanakuja Alhamisi kuangalia uongozi wa ofisi. Hapo hasira ikageuka hofu. Sheria katika jambo hili haina mzaha: mtu aliyestaafu akitia sahihi kama mkuu wa ofisi, amejifanya mtumishi wa serikali. Hilo ni jambo la polisi. Mafao yake yanasimamishwa mpaka kesi iishe, na kesi zetu zinaisha lini, sote tunajua. Mpaka siku ile mzee hakuwa ametia sahihi kitu. Alikuwa anasoma tu. Lakini kalamu ilikuwa mfukoni mwake, mazoea yapo mkononi, na wakaguzi wakimkuta tu nyuma ya meza ile hakuna maelezo yatakayomwokoa.

Nikampigia mama yangu Walukuba. Mama hajui mambo ya wizara, anajua watu.

"Aliyekufungulia mlango wewe humfungii," akasema.

"Mama, nikimwacha atafungwa yeye."

Nilikuwa nasikia sufuria zake. "Basi mtoe. Lakini usimtoe kama paka aliyeiba nyama."

Nikaona njia ni kupitia kwa mkewe. Jumanne jioni, jua bado linapiga mlimani, nilikwenda kwao. Mkewe nilimkuta sebuleni akipiga pasi mashati ya kazi, meupe, yamepangwa kwenye kochi. Akaacha pasi, akanikumbatia, akaniletea chai ya maziwa na mihogo. Mzee alikuwa amekwenda kwenye mazishi ya jirani.

"Baba amefurahi sana wewe kuletwa hapa," akaniambia. "Anasema wizara imemwongezea muda akufundishe kazi. Nyumba yote ina amani sasa."

Kikombe nikakirudisha mezani. Nilikuwa nimepanga maneno yangu njia nzima, na yote yakayeyuka.

"Kusema kweli niliogopa," akaendelea, huku akikunja kola kwa vidole. "Kaka yake alistaafu. Akawa anakaa uani na redio, kutwa. Hata mwaka haukuisha, tukamzika. Tuliporudi kutoka kaburini Baba aliniambia, mama, mimi uani sitakaa. Sasa nikasikia ameongezewa muda, nikamshukuru Mungu."

Mwanamke yule hakuwa anajua kitu. Kila asubuhi anampigia mumewe pasi aende kwenye kazi ambayo si yake. Neno lilikuwa pale kwenye ncha ya ulimi wangu, na ulimi wangu huu unaosifiwa kwa pilipili ulikaa kimya kama umeshonwa. Nikala mhogo. Nikamsifia mihogo. Nikaaga. Barabarani nilijitukana kwa lugha zote ninazozijua.

Jumatano, wafanyakazi walipotoka, nilifunga mlango wa ofisi na kusimama mbele ya meza yake. Sikukaa kwenye kiti cha wageni. Nilijua nikikaa pale nitakuwa tena mwalimu mdogo.

"Mzee, kesho usije."

Alikuwa anafuta miwani yake. Akaendelea kuifuta.

"Hawa watu ya Kampala iko kuja kunywa chai tu," akasema kwa Kiswahili chake cha Namatala. "Mimi nawajua. Watauliza mambo tatu, watarudi."

"Wataona mtu aliyestaafu amekaa kwenye kiti cha mkuu wa ofisi. Utapelekwa polisi, mzee. Mafao yako yatazuiwa. Utamwambia nini mama?"

Nilipomtaja mkewe aliinua macho. "Ulikwenda kwangu?"

"Nilikwenda."

"Ulimwambia?"

"Sikuweza."

Akavaa miwani. Akalifunga faili lililokuwa mbele yake. Sijawahi kumwonea mtu huruma na kumkasirikia kwa wakati mmoja namna ile.

"Binti yangu, sikiliza. Mimi nikiamka asubuhi, mguu yenyewe inakuja hapa. Si mimi. Nimejaribu. Siku ile ya kwanza nilifika mpaka mnara wa saa nikageuka kurudi nyumbani, nikaona aibu, mke wangu ataniuliza nimerudia nini. Nikaja. Nikakuta chai yangu imewekwa mezani. Nani aliiweka? Ninyi. Mngeniambia siku ile ile, ningekwenda."

Na hapo alikuwa na haki. Sisi sote tulimwekea chai. Heshima yetu ndiyo iliyomweka mtegoni, na kila mmoja alikuwa anamngoja mwenzake aseme.

"Basi nakwambia leo," nikasema. "Usije."

Alichukua koti lake, akazima taa kama alivyokuwa akizima siku zote, akatoka.

Alhamisi niliamka mapema kuliko adhana. Nilikuwa na imani kwamba amesikia. Nilipoingia ofisini yupo. Shati jeupe, tai, amekaa, faili mbele yake. Katibu muhtasi alikuwa amesimama mlangoni, uso umempauka, akanong'ona kwamba mwalimu mmoja amefika tangu alfajiri na barua ya uhamisho, mkewe mgonjwa hospitalini Jinja, anataka kuwa karibu naye. Mzee ameihurumia hali yake. Na kweli, barua ilikuwa mezani, na kalamu ilikuwa nje, kifuniko kimetolewa.

Nilivuka chumba kile sijui kwa hatua ngapi. Nikaweka kiganja juu ya karatasi, pale pale pa sahihi. Ncha ya kalamu ilinigusa kidole.

"Toa mkono," akasema taratibu.

"Sitoi."

"Huyu mtu mke wake anaumwa."

"Nitaitia sahihi mimi. Sasa hivi. Wewe usiiguse, nakuomba, mzee, nakuomba sana."

Tulibaki vile, mkono wangu na kalamu yake, tukitazamana. Sikuwa nalia, lakini machozi hayakuwa mbali. Nje gari likaingia kwenye changarawe, likafuatiwa na jingine, milango ikafungwa. Walikuwa wamewahi. Katibu muhtasi akasema, "Wamefika," akasogea ukutani.

Waliingia watatu. Kiongozi wao, bwana mrefu mwenye sauti ya upole, alitutazama: mzee kitini, mimi nimeinama juu ya meza, mkono kwenye karatasi. Akaangalia taulo. Akaangalia kalamu. Akauliza swali lake kwa Kiingereza cha ofisini, bila ukali wowote, nani ni mkuu wa ofisi hii.

Nilitakiwa kujibu. Barua ya uteuzi ninayo, cheo ni changu, sauti ninayo. Nikafungua kinywa hakikutoka kitu. Ningesema "mimi", ningekuwa nimemwacha uchi mbele yao, mzee wa watu amekaa kwenye kiti changu. Nikikaa kimya, kimya kile kinamfunga.

Mzee akafunga kalamu. Akaiweka mfukoni. Akasimama kwa kushikilia meza, kwa sababu magoti yake hayakuwa mazuri, akajibu kwa Kiingereza safi cha mwalimu wa zamani, "Mkuu ni huyu hapa. Mimi nilistaafu. Nimepita kumwamkia, na yeye kwa adabu yake akanipa kiti."

Yule bwana akamtazama muda mrefu. Nafikiri alielewa. Watu wa wizara si wajinga kama tunavyopenda kuwasema. Akainamisha kichwa kidogo. "Hongera kwa utumishi wako, mzee." Kisha akanigeukia mimi. "Madamu, tafadhali kaa kwenye kiti chako tuanze. Na kikao hiki ni cha ndani. Mgeni wako atatuwia radhi."

Nikazunguka meza. Yeye akazunguka upande wa pili. Tulipishana bila kugusana. Nilipokaa, kiti kilikuwa na joto lake, nami nikamwambia mtu aliyenipa kazi, "Mzee, naomba utusubiri nje."

Kikao kilikuwa kirefu. Walitaka kuona kila kitu, na kila kitu kilikuwa na sahihi yangu, hata ile barua ya uhamisho, niliyoitia mbele yao. Nilijibu vizuri, nadhani. Sikumbuki hata swali moja. Nilichokuwa nawaza ni kwamba amekwishafika nyumbani, mkewe amemwuliza amerudia nini, naye amesimama mlangoni hajui aseme nini.

Hakuwa amekwenda. Tulipotoka, mimi mbele na wageni nyuma yangu, alikuwa barazani kwenye benchi, amebanana na walimu wakuu waliokuwa wanangoja zamu yao. Nilikuwa nimemwambia asubiri nje, akasubiri. Walimu wakuu waliponiona walisimama wote, kama wanavyomsimamia bosi, na yeye akasimama pamoja nao. Akafunga kifungo cha koti.

"Mkubwa," akaniita. Tangu nianze kazi alikuwa ananiita binti yangu. Nilimtazama usoni kutafuta kejeli, haikuwepo. "Kama huna kazi na mimi, naomba ruhusa niende nyumbani."

Wakaguzi walikuwa mgongoni kwangu. Nilitaka kumshika mkono nimsindikize mpaka kwake, nimwambie mkewe mimi mwenyewe, nikae nao. Badala yake nikasikia sauti ya ofisi ikitoka kinywani mwangu.

"Nenda, mzee. Ahsante."

Akapiga hatua kuelekea geti, kisha akarudi. Akainama karibu yangu ili wengine wasisikie, kama mtu anayeuliza jambo dogo tu alilolisahau.

"Na kesho?"

"Kesho usije, mzee," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akanishukuru, akaenda.