Choo cha Serikali

“Notisi ya Kukosa Choo cha Shimo Kilicho Katika Umbali Unaokubalika” ndiyo barua ya kwanza ya serikali iliyowahi kusomwa nyumbani kwetu Kiamunyi, na msomaji nilikuwa mimi. Nilipokuwa mtoto wa darasa la sita niliamini hakuna aliyekijua Kiswahili sanifu kunishinda kuanzia kwetu hadi barabara ya lami. Kwa hiyo nilipanda juu ya kigoda nikaisoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio, huku nyanya yangu akiendelea kukamua ng’ombe bila kugeuka. Nilipofika kwenye “hatua kali za kisheria” aliniuliza swali moja tu.

“Wanataka wapi?”

Hatua thelathini kutoka jikoni, nikamsomea, mbali na tangi la maji, mbali na ua wa jirani. Shamba letu lilikuwa jembamba na refu kama mshipi. Ukihesabu hatua thelathini na kukwepa yote yaliyotajwa, ulibaki na mahali pamoja tu, penye ukanda wa nepia, nyasi za ng’ombe. Mkono wa nyanya ukasimama kwenye chuchu ya ng’ombe.

“Hapo,” akasema, “hapawekwi kitu chenye mlango.”

Chini ya mlima Menengai, kwa imani ya nyanya, amelala mtu mkubwa. Majirani wengine walimwita shetani, lakini nyanya, aliyekuwa mwenyekiti wa kina mama kanisani, aliwakosoa kwa hoja ya kidini kabisa: shetani hana usingizi. Huyu amelala tu, na aliyelala hujigeuza. Mvua ikimlowesha mgongo, hujinyoosha. Mgongo wenyewe ulipita chini ya nepia yetu. Ungeweza kupanda nyasi juu yake, hata kumfunga ndama kwa saa moja hivi, lakini ukimwekea mlango, siku atakapojinyoosha ataufungua.

Kila mwaka kabla ya mvua ndefu nyanya alichukua mtaimbo akatembea shamba zima, akigonga ardhi na kusikiliza. “Hodi,” alisema. Kwingine ardhi ilijibu kwa kishindo kifupi cha ukaidi. Kwenye nepia ilijibu polepole, kwa sauti nzito kama ya mtungi ulio nusu. Nami niliyekuwa kiranja wa darasa, niliyefundishwa kuwa mlima ni mlima, nilijificha nyuma ya tangi wenzangu wasinione nikiwa na bibi anayepiga hodi shambani.

Afisa aliyeandika barua tulimwita Bwana Afya. Alikuwa kijana nadhifu mwenye kalamu tatu mfukoni, na sidhani alikuwa mtu mbaya. Alipewa utepe wa kupimia na umbali wa kukagua, akavipenda vyote viwili. Nyanya alimweleza habari za yule anayelala. Bwana Afya alimsikiliza hadi mwisho, kisha akafungua faili.

“Shosho, kwa hii fomu hakuna mahali pa kuandika mtu amelala.”

“Si uandike pembeni.”

“Pembeni ni ya ofisi.”

“Na choo yangu ya zamani iko na makosa gani?”

“Iko karibu na jikoni. Imepigwa marufuku.”

Akampa siku kumi na nne. Asipochimba, angeshtakiwa, na ruhusa yake ya kupeleka maziwa kiwandani ingefutwa. Sisi tuliishi kwa maziwa hayo. Siku ya tatu nyanya akamwita Wafula, fundi wa vyoo, ambaye babake aliletwa Nakuru na reli na ambaye hakuogopa shimo lolote. Kabla hajaingia, nyanya alimfunga kamba kiunoni na kuipitisha kwenye mti.

“Mathe, mimi ni mbuzi?” Wafula akacheka.

“Mbuzi ningefunga shingo.”

Alichimba siku tatu. Siku ya tatu tulimsikia akipiga kelele, tukamvuta juu, akatoka mweupe kwa vumbi la majivu, mikono mitupu. Mtaimbo ulikuwa umemponyoka, ukapenya udongo, ukaenda. Hakusikia ukitua.

“Shosho,” alisema akihema, “huko chini kuna mtu amechukua mtaimbo yangu.”

Hakurudi tena shimoni. Yeye na nyanya walilifunika shimo kwa mbao, wakajenga kibanda cha mabati kipya chenye mlango na kufuli, na Bwana Afya akaja na utepe wake. Umbali ulikuwa sawasawa. Akatia sahihi.

Hapo ndipo nyanya alipofanya jambo ambalo sijaona likifanywa na mtu mwingine mbele ya serikali: alitii kabisa, kisha akaendelea na maisha yake. Kufuli lilifungwa. Ufunguo alinivisha shingoni kwa uzi wa sufu. “Wajina,” aliniambia, maana niliitwa jina lake, “hii ni choo ya serikali. Serikali ikitaka kuitumia, ije na wakati wa jua. Lakini siku maji ikikataa kusimama kwa nepia, usifungulie mtu. Hata pastor.”

Sisi tukaendelea kutumia kile kilichopigwa marufuku.

Miezi michache baadaye, Bwana Afya alipokagua vyoo vya lokesheni nzima, aligundua kimoja kisicho na nzi hata mmoja, kisicho na harufu wala doa. Akatuletea cheti. Nyanya alikitundika ukutani.

Kisha mvua ndefu zikaja kwa hasira. Siku ya nne, alasiri, zilipopumzika kidogo, nyanya alikuwa amekwenda kupeleka maziwa, nami nilikuwa peke yangu nikifua soksi. Bwana Afya akaingia na wageni wawili kutoka makao makuu, waliokuja kuona choo cha mfano. Mmoja alikuwa mzee mnene mwenye koti, ambaye alikuwa amekunywa chai nyingi kwa chifu na sasa alitembea kwa hatua fupi fupi.

“Sasa, kasichana. Lete ufunguo,” alisema Bwana Afya.

Nikatazama shambani. Ua wote ulikuwa ziwa. Bata wa jirani waliogelea mlangoni petu. Lakini kwenye nepia hapakuwa na dimbwi hata moja. Maji yalifika pale yakaingia chini, kimya, kama mtu anayeitwa ndani.

“Haifunguliwi,” nikasema.

“Nani amesema?”

Swali hilo ndilo lililonitesa. Kusema ni nyanya kulimaanisha kumtaja yule anayelala, mbele ya watu wenye kalamu. Nilitaka sana wanione msomi.

“Nyanya yangu. Amesema akijinyoosha atafungua mlango.”

Wageni wakaangua kicheko. Bwana Afya hakucheka, alikuwa amekwisha aibika. “Wewe unajua unaongea na nani? Nitaandika nyanya yako ni mkaidi. Na hiyo maziwa muisahau. Lete!” Akanyoosha mkono kwenye uzi.

Nikakimbia hadi kwenye tangi na kuutupa ufunguo ndani. Nilisikia ukigonga sakafu ya chini. Ni sauti ndogo, lakini nilijua nimetupa na maziwa yetu.

“Huyu mtoto ni wa kupigwa,” alisema Bwana Afya.

“Mtampiga baadaye,” alisema mzee mwenye koti kwa sauti nyembamba. “Hakuna ingine?”

Nikamwonyesha cha marufuku, nyuma ya jikoni. Alikuwa humo bado tuliposikia mlio kama wa lori linalomwaga kokoto. Nepia ikainama katikati. Kibanda cha mabati kikasimama wima kama askari, kikashuka hivyo hivyo, mlango wake ukiwa umefunguka, na ardhi ikaendelea kupasuka hadi kwenye ua wa chini. Mzee alitoka ameshika mshipi mkononi. Wa kwanza kusema alikuwa nyanya, aliyeingia na debe tupu la maziwa, akatazama ufa, akanitazama shingo.

“Ufunguo iko wapi?”

“Kwa tangi, Cucu.”

“Vizuri,” akasema, akaenda kuwatilia wageni chai, ingawa mmoja alikataa.

Ripoti ilisema choo “hakikuonekana wakati wa ukaguzi.” Baadaye tuliletewa “Notisi ya Kuhamisha Choo Bila Kibali,” ambayo nyanya aliitundika kando ya cheti. Maziwa hayakuguswa tena. Bwana Afya mwenyewe alikuja siku moja bila faili, akasimama ukingoni muda mrefu, akaomba kuonyeshwa namna ya kugonga ardhi.

Sasa mimi ni mwalimu wa jiografia. Nimeketi katika warsha za kujiandaa na majanga, nikala mandazi ya warsha, nikaonyeshwa ramani ambamo wataalamu wamechora nyufa za bonde kwa wino mwekundu. Wanasema majivu ya volkano yamezifunika, na maji ya mvua huyaosha yakazama. Nawaamini, ni kazi safi. Mstari mmoja mwekundu unapita kwetu, pale pale kwenye nepia, na nilipouona sikushtuka. Nilijisikia kama mtu aliyeona jina la nyumbani kwao kwenye gazeti.

Viwanja vinakatwa kila upande siku hizi. Ukanda wetu ule haujengwi. Kabla ya mvua mimi huchukua mtaimbo na kupiga hodi, na binti yangu huniita kutoka dirishani, “Mum, unaongea na nani huko?” Sijifichi nyuma ya tangi.

Kama kuna yule anayelala, sijui. Najua alasiri moja ya mvua ardhi ilifunguka hatua thelathini kutoka jikoni mwa nyanya yangu, na ndani ya kile choo hapakuwa na mtu.