Betri Iliyochaguliwa kwa Mkono

Mume wangu wanamwita Mizani, na jina hilo hakulipata bure. Kwa miaka thelathini na moja amekuwa fundi wa betri: za magari, za matrekta, za taa za nyumbani, zile nzito zenye sahani za risasi na maji makali yanayotoboa nguo. Hana suruali hata moja isiyo na tundu. Watu walikuwa wanaleta betri mpya ambazo hawajazilipia, muuzaji amesimama nje amenuna, ili mume wangu azinyanyue tu. Anaipandisha hadi gotini, anafumba jicho moja, anasema, "Hii wamepunja sahani mbili. Rudisha." Wakiipasua wanakuta kweli zimepungua mbili. Alikuwa anasema mjanja anaweza kubandika namba yoyote juu ya boksi, lakini uzito habandiki mtu.

Nilikuwa namtania kwamba siku moja ataninyanyua na mimi aseme nimepunjwa. Kumbe nilikuwa nimepunjwa kweli, kifuani. Daktari alisema mapafu yangu yamekakamaa na hayarudi tena, akanirudisha nyumbani na mashine ya oksijeni yenye ukubwa wa ndoo ya maji, yenye mrija unaoingia puani. Mashine hiyo inakula umeme usiku na mchana. Na umeme wetu, kama mnavyoujua wa kwenu, unakatika saa nne asubuhi na kurudi saa kumi jioni, siku nne au tano kwa wiki. Kwa dharura tulipewa mtungi mdogo wa kubeba mkononi, wa saa mbili tu. Ukitoa saa mbili kwenye saa sita za kukatika, hata mimi niliyekimbia shule najua zinabaki ngapi.

Mwanzoni Mizani alipanga betri zake mbili za asidi kwenye ukumbi, na zikanibeba vizuri. Lakini betri ya asidi haipendi kuvutwa hadi chini kila siku. Mwezi wa tano zilikuwa zinatoa saa tatu, wa saba saa moja na dakika chache. Nilikuwa namwona anazizunguka asubuhi, anazipima maji, anazifuta vichwa vya kufungia waya, anazisemesha kama ng'ombe mgonjwa. Watoto wetu watatu wakachanga, wakatuma, wakasema: nunueni ya lithiamu, moja, kubwa, tumalize. Walichotuma kilikuwa sawa na kodi ya nyumba yetu ya mwaka mzima. Walisema wazi kwamba hakuna kingine nyuma yake.

Tulikwenda tukitoka kliniki, mimi na mtungi wangu mapajani. Duka la kwanza lilikuwa safi, lina kiyoyozi, na muuzaji alikuwa msichana wa umri wa kitinda mimba wetu. Aliniletea kiti cha plastiki kabla hajauliza tunataka nini. Akatuonyesha betri ya namba mia mbili, kipimo cha umeme inaoubeba. Mizani akainyanyua, akasimama nayo, akanitazama kama mtu aliyepewa sahani iliyofunikwa akaifunua akakuta tupu.

"Binti, hii haina kitu ndani."

"Mzee, lithiamu ni nyepesi. Hiyo ina kilo ishirini na mbili, na ndiyo inavyotakiwa."

"Namba mia mbili ni kilo sitini."

"Ya asidi, ndiyo. Na ile ya asidi unatumia nusu tu, ukizidisha unaiua. Hii unaivuta karibu yote, kila siku, na inakaa miaka minane hata kumi. Usigawanye bei kwa kilo, mzee. Gawanya kwa saa ambazo mama atapumua." Akavuta ubao wenye taa sita. "Hizi zikiwaka zote ni sawa na mashine ya mama. Naziunga hapa, bure. Kaeni na saa yenu muone zinazima lini. Na popote mtakaponunua, wajaribishie hivi hivi."

"Mimi nimeanza kazi ya betri wewe hujazaliwa," akasema mume wangu.

"Najua, mzee. Ndiyo maana nasema tuijaribu, usiniamini mimi."

Hakujibu kwa ukali, angekuwa mkali ningefurahi. Aliishusha betri taratibu, akajifuta mikono kwenye suruali ingawa haikuwa na vumbi, akasema tutarudi.

Duka la pili lilikuwa ng'ambo ya barabara, na mwenye duka alimjua Mizani. "Mzee Mizani, shikamoo," akasema, na kunivutia mimi kiti hakukumbuka. Naye alikuwa na lithiamu ya namba mia mbili, boksi jeusi, maandishi ya dhahabu, bei yake theluthi mbili ya ile. Mume wangu akainama, akaishika, akaipandisha hadi gotini, akafumba jicho. Ilikuwa na kilo arobaini hivi. Nikamwona uso ukimrudia. Sijui nielezeje. Tangu niugue mwanamume huyu alikuwa anatembea ndani ya nyumba kama mgeni, haulizwi kitu, hajui kitu, madaktari wanaongea juu ya kichwa chake, na sasa kitu kimekaa mikononi mwake na anakijua.

"Hii imeshiba," akasema. "Unaonaje, mama watoto?"

Mimi nilikuwa nimemsikia yule msichana, na nilimwelewa. Nilitaka kusema tuombe taa sita. Midomo ilikwisha kufunguka. Nikasema, "Chukua." Kilichobaki kikanunua inveta mpya, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani.

Umeme ulikatika Jumatatu saa nne kamili. Mashine ikaendelea kuvuma, Mizani akaweka kiti mbele ya betri akakaa nayo kama mtu anayesubiri chai ichemke. Saa tano na dakika kumi inveta ikapiga mluzi, ikazima. Akagusa waya, akakaza nati, akawasha tena. Ikapiga mluzi. Akanifungulia mtungi, akanifunga mrija mwingine, halafu akafanya jambo ambalo hakupaswa kulifanya: akachukua bisibisi akafungua mfuniko.

Ndani, kwenye pembe moja, palikuwa na vidonge vichache vya betri vilivyofungwa kwa gundi ya karatasi, vya kutosha taa na redio. Sehemu iliyobaki yote ilikuwa mifuko ya nailoni iliyojazwa mchanga, imepangwa vizuri, hata imepigwa pasi kingo zake. Aliitoa mmoja mmoja akaiweka sakafuni. Aliutoboa wa mwisho kwa bisibisi, kama vile huo mmoja ungeweza kuwa na kitu kingine, mchanga ukamwagika kwenye kapeti yangu.

Mwenye duka alijua mnunuzi gani atakuja, bwana. Mtu mwingine angetazama bei, angetazama dhamana, angemuuliza mwanawe kwenye simu. Mchanga ule uliwekwa kwa ajili ya mafundi wa zamani.

Mtungi ulipofika nusu, alianza kunipepea kwa kipande cha boksi. Mtu mwenye mapafu kama yangu kupepewa hakumsaidii lolote, na yeye anajua, lakini sikuwa na pumzi ya kumwambia aache, na nilidhani akiacha atalia. Hospitali iko upande wa pili wa mji, na kwa foleni mtungi usingetufikisha. Mwishowe alisimama, akabeba mashine begani, akaniambia, "Twende kule kwenye baridi." Jirani mwenye gari akatupeleka. Msichana wa duka la kwanza alikuwa anakula. Mume wangu, ambaye hajawahi kuomba hata chumvi, alisimama mlangoni na mashine begani akasema, "Binti, naomba umeme."

Akaacha kula. Hakuuliza. Aliiunga mashine yangu kwenye ile betri ya kilo ishirini na mbili, nikapumua mpaka saa kumi.

Kesho yake Mizani alikwenda kwa yule mwingine na mfuko wa mchanga. Alirudi haraka. "Kaniambia, 'Mzee, wewe mwenyewe uliinyanyua, ukasema imeshiba. Nina mashahidi.'" Hilo tu. Akaingia kulala saa tano asubuhi.

Basi ikawa hivyo. Kila siku ya kukatika umeme tunakwenda dukani na mashine yetu, tunakaa kati ya betri ambazo hatuwezi kuzinunua. Nimekuwa tangazo. Wateja wakiuliza kama lithiamu inadumu, msichana ananionyesha kwa kidevu, "Mama pale anapumulia hiyo, sasa ni saa ya tano." Wananitazama puani, wananipa pole, wanashika pochi. Mizani anakaa pembeni yangu, mikono ameibana katikati ya mapaja.

Wiki ya pili nilimwambia. Sikutaka kufa na mzigo huo.

"Siku ile nilitaka kusema tuombe zile taa. Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa umefurahi."

"Nilikuona ukifungua mdomo," akasema. "Nikamwomba Mungu usiseme."

Nilitaka kumpiga, na nilitaka kumshika mkono, na sikufanya hata moja, kwa sababu mteja alikuwa ameingia.

Na Alhamisi hii iliyopita akaingia mwenye duka la kutoa kopi. Ilikuwa mara yake ya tatu kuja. Mara mbili za kwanza alinitazama tu na kuhesabu saa. Alikuwa na fedha kwenye bahasha.

"Nataka hiyo hiyo," akasema. "Si ya kwenye boksi. Hiyo niliyoiona ikifanya kazi."

"Ndiyo ya mwisho ya ukubwa huo," msichana akasema. "Nyingine zinakuja wiki ijayo. Zilizobaki ni za taa na kuchaji simu."

"Sasa tatizo nini? Si ya kuuza?"

Msichana akatutazama. Ameajiriwa yule, tajiri wake alikwisha kumuuliza kwenye simu kama amefungua zahanati. Mteja akaufuata mrija kwa macho, kutoka puani kwangu mpaka kwenye mashine, kutoka kwenye mashine mpaka kwenye betri, akaelewa, akaona haya.

"Samahani, mama. Ila nina mitihani ya shule tatu ya kuchapa, na ni keshokutwa."

Hakuwa mtu mbaya. Ningempata mbaya ningemtukana nikapoa.

"Muuzie, mwanangu," nikasema.

Mizani akasimama. Akafungua mtungi, akanibadilishia mrija, akatazama mshale. Akazima mashine. Akafungua nati za betri kwa spana yake mwenyewe, nyekundu halafu nyeusi, akaibeba mpaka kwenye gari la watu, kwa sababu hakuna anayejua kubeba betri bila kugonga vichwa vyake kama yeye. Nilimsikia akimwelekeza yule bwana aifunge mahali penye hewa na asikaze nati kupita kiasi. Bwana akamshukuru, akamwita fundi.

Aliporudi alisimama mlangoni. Saa ya ukutani ilikuwa saa sita na robo. Msichana alikuwa ameshika simu anawatafuta wa zahanati ya karibu, na simu haipokelewi.

"Mtungi una saa moja na nusu, umeme mpaka saa kumi," akasema. Halafu mwanamume ambaye mtaa mzima ulikuwa unamfuata kumuuliza, akaniuliza mimi, polepole, "Sasa tufanyeje, mama watoto?"

Nilikuwa nabana pumzi, nisiitumie kwa maneno. Nikamwonyesha kwa mkono kwamba asogee, ananizibia upepo wa mlangoni.