Maji Yaliyochemka Baridi

Harufu ya betri kuukuu zilizoanikwa juani naijua mpaka leo, harufu ya kutu na chumvi. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa betri zilikuwa adimu kuliko sukari, basi kila mwenye redio alizianika zake juu ya kipande cha bati ili zipate nguvu kidogo. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya upande wa Nyansurura, nyumba zimepangwa mstari, jirani akikohoa unamsikia. Mimi nilibanwa zaidi ya wote. Nilikuwa darasa la saba, mtihani umebaki wiki tatu, na ng'ombe wa mahari yangu walikuwa wameshaingia zizini. Baba alinikataza shule na hata kutoka nje. Nilishinda ndani nikiutazama mlango, nikalia mpaka nikachoka.

Kabla sijafungiwa, mwalimu wetu wa sayansi, mtu wa Bukoba aliyeletwa na serikali, alituonyesha jambo. Alitumbukiza katika glasi ya maji ya chumvi vijiti viwili vyeusi alivyotoa ndani ya betri mbovu, akaviunga kwa nyaya na betri nne nzima. Vipovu vikaanza kuzaliwa kwenye kijiti kimoja, vidogo kama unga, vinang'ang'ania, vinanenepa, halafu vinaachia na kupanda. "Hiyo ni haidrojeni," alisema. "Ilikuwa imefungwa ndani ya maji. Umeme umeifungulia." Wee, neno hilo liliniingia! Kule kifungoni nikaiba betri za redio ya baba. Robi, mdogo wangu anayenifuata, ndiye aliyeniletea nyaya na vijiti kutoka kwa mwalimu, amevificha kwenye pindo la gauni. Nikawa nakaa na glasi yangu saa nzima, nikivionea wivu vipovu.

Mchana mmoja wazee wa upande wa muoaji walikuja, mvua ikawaingiza ndani ghafla. Sikuwahi kuficha kitu ila betri, nilizifunika kanga baba asizione, na nyaya zilipotea katika giza la nyumba. "Shikamoo," nikasema. Baba wa muoaji hakuitikia. Alikuwa ameiona glasi.

"Mbona maji yanachemka? Moto uko wapi?" Akatumbukiza kidole, akakichomoa upesi. "Baridi! Jamani, ni baridi!" Akarudi nyuma hadi mlangoni. "Binti anayechemshiwa maji bila moto simpeleki kwangu. Nirudishieni ng'ombe."

Nilifurahi, nisikudanganye. Lakini wale ng'ombe walikuwa wameshatoka zizini kumwolea kaka yangu mke, maana kwetu ng'ombe wa dada ndio wanaomwolea kaka, na baba hakuwa na wengine. Akabaki ameinamisha kichwa. Baba wa muoaji akamtazama Robi, aliyekuwa amesimama pembeni na kibuyu cha maziwa. "Basi nipeni huyu."

Robi akanigeukia. Alijua ni betri, akanyamaza kwa ajili yangu. Mimi nilijua ni betri, nikanyamaza kwa ajili yangu vilevile. Ningefunua tu ile kanga. Mkono haukuinuka. Baba akasema, "Haya."

Mimi nikaruhusiwa kurudi shule, nikafanya mtihani, nikafaulu, nikawa mwalimu wa kemia. Nimewaonyesha wanafunzi vipovu vile miaka na miaka, na kila mara natamani kipindi kiishe. Siku hizi betri zimejaa kila duka, na mtoto wa kike akikatazwa shule walau kuna pa kwenda kushtaki. Juzi Robi alinitembelea na mjukuu wake, yuko kidato cha pili, akaniomba nimwonyeshe. Nikatega glasi na vijiti mezani. Robi akasogea, akatumbukiza kidole chenye sugu za jembe, akakiacha humo.

"Ni betri, Robi," nikasema. "Ni betri tu."

"Najua, dada," akanijibu. "Siku ile nilikuwa nakungoja useme."